Nyangwe: kijiji chenye kila mtu alikihesabu, isipokuwa wenyewe

Leo tuanzie mbali kidogo, halafu turudi nyumbani.

Huko Marekani, katika jimbo la Nebraska, kuna kijiji kinaitwa Monowi. Katika miaka ya 1930 kilikuwa na watu zaidi ya mia moja. Pole pole vijana wakaondoka kutafuta kazi mijini, wazee wakafariki. Sensa ya 2000 ilikuta watu 2. Sensa ya 2010 ilikuta mtu 1. Soma tena: mtu 1, na serikali ilimhesabu na kumwandika. Sensa ya 2020 ikaandika tena 2, kwa sababu idara ya sensa siku hizi inachezesha kidogo hesabu za mahali padogo ili siri ya mtu isijulikane. Nchi ile inahesabu watu wake kila miaka 10 tangu 1790.

Na siye? Sensa yetu ya mwisho ilifanyika Julai 1984, wakati nchi ilikuwa bado Zaire. Ilikuta watu karibu milioni 30.7. Wengi wetu wenye tunasoma ukurasa huu hatukuwa tumezaliwa. Tangu pale, kila namba yenye unasikia juu ya Kindu, juu ya Maniema, juu ya kijiji chenu, ni makadirio: mtu alichukua namba ya zamani, akaizidisha, akaandika.

Nilipokuwa ninasikia jambo hili nilifikiri ni uvivu wa Leta tu. Lakini nilipoanza kusoma historia ya kijiji kimoja cha kwetu, nikaona kwamba Maniema ilihesabiwa mara nyingi sana. Shida ni nani alihesabu, na alikuwa anatafuta nini. Kijiji chenyewe ni Nyangwe.

1. Mahali penyewe

Nyangwe iko katika teritwari ya Kasongo, ng'ambo ya kuume ya mto Lualaba, kusini ya Kindu. Leo ni kijiji. Mwenye kupita na mtumbwi anaweza kukipita bila kukitazama mara mbili. Lakini katika miaka ya 1870 jina lake lilikuwa linaandikwa kwenye ramani za London na za Bruxelles wakati Kindu yetu hakuna mtu wa ng'ambo alikuwa anaijua.

Wageni wenye walifika zamani waliandika kwamba mji ulijengwa juu ya miinuko miwili kando ya mto, na katikati kulikuwa bonde lenye maji, lenye mpunga. Mimi ni agronomu, kwa hiyo bonde hilo ndilo lilinisimamisha. Mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko pa kujenga, bonde la maji pa kulima, mto wa samaki mbele, msitu si mbali, na ng'ambo ya pili ardhi nzuri yenye vijiji vingi. Ukiambiwa utafute mahali pa kuweka soko katika eneo hili, ungechagua palepale. Wenyeji walikuwa wamekwisha kupachagua mbele ya mgeni yeyote.

Wafanya biashara kutoka Zanzibar na pwani walifika karibu na mwaka 1868. Mkubwa wao pale alikuwa Mwinyi Dugumbi. Walikuja juu ya pembe za ndovu, na juu ya watu wa kuzibeba. Pamoja nao wakaja waungwana, bunduki, mpunga, na lugha hii yenye ninaiandika sasa hivi. Kiswahili chetu cha Maniema kilipitia njia ile ile na minyororo. Si kitu cha kuonea haya, lakini ni kitu cha kujua.

2. Hesabu ya kwanza: soko

David Livingstone alifika Nyangwe mwisho wa Machi 1871. Alikuwa mgonjwa, amechoka, na alikuwa anafikiri Lualaba ni mwanzo wa mto Nile. Alikuwa anatafuta mitumbwi ya kushuka nayo, na wenyeji walikataa kumpa. Tunawaelewa: kila mgeni mwenye walikuwa wamemuona alikuja na bunduki.

Karatasi zilimwishia. Akawa anaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wenye alitengeneza kutoka mmea wa porini. Wino ule ulififia kabisa, na ni mwaka 2011 tu ambapo watafiti, kwa kupiga picha na mwanga wa namna mbali mbali, waliweza kusoma vizuri alichoandika siku zile. Ndiyo kusema hata ushuhuda mkubwa wa Nyangwe ulikaa miaka 140 bila kusomwa sawasawa.

Livingstone alielewa haraka kitu kimoja: ukitaka kujua eneo hili lina watu wangapi, usihesabu nyumba, nenda sokoni. Siku ya soko alikadiria watu 3,000, wengi wao akina mama. Walikuwa wanakuja na mihogo, samaki, kuku, vyungu, chumvi, mafuta ya ngazi, nguo za raphia. Soko la Nyangwe lilifanyika siku moja, kisha siku tatu watu walikwenda masoko mengine, halafu wanarudi. Tena alishangaa kuona kwamba hata wakati vijiji vinagombana, mama mwenye kwenda sokoni hakuguswa. Wingi wa watu ndio ulikuwa ulinzi wao. Kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake.

Fikirieni hilo kidogo. Mbele ya ofisi yoyote, mbele ya karatasi yoyote, akina mama wa Lualaba walikuwa na kalenda, sheria, na mahali pa kukutanika watu elfu tatu bila polisi hata mmoja.

3. Tarehe 15 Julai 1871

Siku ile watu hawakuwa 3,000. Walikuja karibu 1,500, kwa sababu ng'ambo ya pili vijiji vingi vilikuwa vinaungua moto: watu wa wafanya biashara walikuwa wanapigana huko. Kulikuwa joto. Watu watatu wa Dugumbi wakaingia sokoni na bunduki. Ubishi ukaanza juu ya bei ya kuku. Halafu risasi.

Watu wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ilikuwa imebanana katika hori dogo, haikuweza kutoka yote kwa mara moja. Wengine wakaanza kupiga risasi kutoka upande mwingine. Akina mama wakajitupa majini na kuogelea kuelekea kisiwa kilicho mbali, maji yakiwavuta. Livingstone alikuwa anatazama vichwa kwenye maji, kimoja kimoja, vikizama.

Wafanya biashara wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika kwamba hesabu ya kweli haitajulikana kamwe.

Sasa angalieni: nani alitoa namba ile? Ni upande wenye ulipiga risasi. Hakuna mtu alikwenda kijiji kwa kijiji ng'ambo ya pili kuuliza: nani hakurudi? Mama gani? Alikuwa na watoto wangapi? Ile 400 ilikwenda mpaka Ujiji na Livingstone, Stanley akaichukua huko pamoja na barua zake, ikafika London, watu wakasoma wakakasirika. Habari za namna hiyo zilisaidia kumsukuma Sultani Barghash wa Zanzibar kukubali kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Kwa hiyo namba ya Nyangwe ilifanya kazi mbali. Lakini Nyangwe yenyewe haikubaki na jina hata moja kwenye karatasi.

4. Hesabu ya pili: mji na vita

Cameron alipita 1874. Akapima mto, akakuta kwamba Lualaba ya Nyangwe inapita mahali pa chini kuliko Nile ya Gondokoro. Maji hayapandi mlima: huu si Nile, ni Kongo. Stanley alifika Oktoba 1876, akaondoka Novemba pamoja na Tippu Tip, na mwezi wa nane 1877 akatokea Boma, karibu na bahari. Njia ya Kongo yote, yenye Léopold II aliipenda sana baadaye, ilifunguliwa kutoka soko letu.

Kwa miaka ishirini hivi Nyangwe na Kasongo zilikua. Mpunga, mahindi, miwa, miti ya matunda. Wageni walisifu mashamba. Lakini mashamba yale yalilimwa na nani? Kwa sehemu kubwa ni watu wenye walikamatwa mahali pengine wakaletwa pale. Mji ulijaa, nchi ikatupuka. Stanley mwenyewe aliandika kwamba njia yenye, miaka nane mbele yake, ilipita katikati ya vijiji na mashamba, yeye aliikuta imeachwa. Kwa hiyo ukisikia kwamba Nyangwe ilikuwa mji mkubwa, uliza pia ni vijiji vingapi vilikufa ili ule mji uwe mkubwa.

Halafu vita. Jeshi la Léopold lenye kuongozwa na Dhanis, pamoja na askari wa Ngongo Lutete mwenye alikuwa amemwacha Tippu Tip na watu wake, liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Daktari wa jeshi lile, Sidney Hinde, aliandika kwamba Nyangwe ilikuwa na watu karibu 30,000, na katika majuma machache ikabaki nyumba moja kubwa yenye ngome na kambi ya askari kuizunguka.

Elfu thelathini, kweli? Mimi sina haraka ya kuamini. Hinde alikuwa askari wa upande wenye ulishinda, na mji mkubwa unafanya ushindi kuwa mkubwa. Inawezekana alihesabu mji na mashamba yake yote, watu wa siku ya soko, na wakimbizi wa vita. Lakini hata ukigawa kwa tatu, bado ni anguko lenye kutisha.

5. Reli ikapita ng'ambo ya pili

Vijiji havifi kwa vita tu. Mara nyingi watu wanarudi na kujenga tena. Kilichomaliza ukubwa wa Nyangwe ni chuma.

Lualaba haipitiki yote na meli. Kutoka Ubundu mpaka Kindu meli inapita. Juu ya Kindu kuna mawe. Kutoka Kibombo mpaka Kasongo inapitika tena, halafu mawe tena, mpaka Kongolo kwenye Mlango wa Jehanamu. Kampuni ya reli ya Empain, CFL, ilitaka kuruka mawe yote kwa mara moja. Ikajenga reli ya kilometa 355 kutoka Kindu mpaka Kongolo, ikamalizika mwisho wa 1910. Ilipita ng'ambo ya kushoto. Nyangwe iko ng'ambo ya kuume.

Basi. Mizigo ikahamia Kindu, mahali meli na reli zinakutana. Wafanyakazi wakahamia, ofisi zikahamia, maduka yakahamia. Siye watu wa Kasuku na Mikelenge tunajivuna na mji wetu, lakini mji wetu ni mtoto wa mchoro wa reli moja. Na ndugu zetu wa Alunguli, wenye kuvuka mto kila siku, wanajua mpaka leo maana ya kuwa upande usio na reli.

6. Hesabu ya tatu: kodi na pamba

Wakati wa ukoloni sasa kila kijiji kilihesabiwa, na vizuri kabisa. Amri ya 2 Mei 1910 iliweka machifu chini ya Leta na kodi ya kichwa. Mzungu alikuja na daftari, watu wakasimama mstari. Lakini daftari lile lilitafuta hasa mtu wa namna moja: mwanaume mzima mwenye nguvu. Yeye ndiye alilipa kodi. Kama alikuwa na wake wengi, aliongezewa kodi. Mzee, mtoto, mgonjwa, hawa walikuwa pembeni ya hesabu.

Kuanzia 1917 Leta iliweka kilimo cha lazima, mpaka siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa kati ya mahali pa kwanza kulimishwa pamba. Ili kulimisha watu, unapaswa kujua wako wapi. Vijiji vikasogezwa kando ya barabara ili mkaguzi avione bila kushuka sana. Sura ya vijiji vyetu leo, nyumba mistari miwili na barabara katikati, wengi wanafikiri ndiyo desturi ya mababu. Hapana. Ni desturi ya mkaguzi.

Na watu walifanya nini? Walikimbia. Wakisikia daftari linakuja, vijana waliingia msituni, wakajenga vibanda huko, wakarudi baada ya siku. Kuhesabiwa kulikuwa na maana ya kulipa, kulima pamba, kubeba mzigo, na fimbo kwa mwenye kuchelewa.

Hapa ndipo ninataka tusimame. Leo ukifika kijijini na karatasi, kuna mzee anakuambia nyumba yake ina watu watatu, na unaona watoto saba uani. Kesho yake ukirudi na magunia ya mbegu, nyumba ile ile ina watu kumi na wawili. Siye wenye diploma tunacheka, tunasema watu wa kijiji ni wajinga, hawajui hesabu. Kumbe wanajua sana. Wana elimu ya miaka 150: mwenye kuhesabu anakuja kuchukua au anakuja kutoa, na jibu linategemea hilo. Udanganyifu ule ni kumbukumbu.

7. Hesabu moja yenye ilikuwa tofauti

Kuna mfano mmoja mzuri, na haukutoka mbali. Katika miaka ya 1970, Kasongo, karibu na Nyangwe yetu, madaktari pamoja na Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerpen walianzisha mradi wa vituo vya afya. Familia ziliandikwa na kufuatiliwa, mtoto kwa mtoto: nani amezaliwa, nani amepata chanjo ya surua, nani amefariki. Mwaka 1981 matokeo yao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo yalitoka katika jarida la Lancet, na wataalamu wa dunia nzima wakayabishania kwa miaka. Wanafunzi wa afya ya jamii katika nchi nyingine wanajua jina Kasongo kwa sababu hiyo, na siye wenyewe hatulijui.

Juu ya nini watu wa Kasongo walikubali kuandikwa? Kwa sababu mwenye kuandika alibaki. Leo aliandika jina, kesho alikuwa pale na dawa. Ukihesabiwa na mtu mwenye utamwona tena, hesabu inakuwa ya kweli.

8. Kwa nini hii ni kazi yetu

Maniema ilikuwa jimbo mwaka 1988, ilipotoka katika Kivu ya zamani, miaka minne baada ya sensa ya mwisho. Ndiyo kusema tangu Maniema iitwe jimbo, haijahesabiwa hata mara moja. Teritwari saba na mji wa Kindu, kilometa za mraba zaidi ya 132,000, bila hesabu yake yenyewe.

Matokeo tunayaona. Viti vya bunge vinagawanywa kwa kufuata watu wenye wameandikishwa kuchagua. Kijiji chenye barabara mbaya, mashine ya kuandikisha haikifikii, kinapoteza sauti, na watoto wake hawahesabiki kabisa. Muganga wa kituo cha afya anaomba chanjo kwa namba moja, agronomu anaomba mbegu kwa namba nyingine, chifu ana namba yake. Nimefanya kazi mahali pa namna hiyo: orodha tatu za kijiji kimoja, na hakuna mbili zenye kupatana. Dawa zikaisha mbele ya watoto kuisha.

Hata Marekani yenye tulianza nayo haikuanza safi. Katika sensa ya 1790, na nyingi zilizofuata, Mwafrika mtumwa alihesabiwa kama tatu ya tano za mtu wakati wa kugawa viti vya bunge, na faida ilikwenda kwa bwana wake. Ilibidi vita na sheria mpya ili mtu mmoja awe mtu mmoja. Hesabu ni siasa kila mahali.

Kwa hiyo, wenzangu, na zaidi ninyi wafinalisti wenye mnatafuta kichwa cha kazi ya mwisho. Kila mwaka tunaandika juu ya "athari za" hiki na "mchango wa" kile, na sura ya kwanza tunanakili idadi ya watu kutoka kazi ya mwenzetu, mwenye aliinakili kutoka kwa mwingine. Chagueni kijiji kimoja. Kaeni pale. Chora mto, kilima, bonde, shamba, kisima. Andika nyumba moja moja, na wazee na watoto ndani. Uliza pia nani hayuko: nani alikwenda machimbo, nani alikwenda Goma, nani alikufa na hakuandikwa. Kisha, neno kubwa, acha nakala moja kwa chifu na moja kwa muganga. Mbele ya kuondoka, soma hesabu mbele ya watu wote, siku ya soko, wakusahihishe.

Soko ndilo lilikuwa ofisi yetu ya kwanza. Akina mama wa Nyangwe walikuwa wanajua nani amekuja na nani hakuja, na walikuwa mashahidi wa mmoja kwa mwingine. Kazi ile ilikatishwa na bunduki asubuhi moja ya mwezi wa saba, na hakuna aliyeianza tena tangu pale. Kalamu hazikosekani, na siye tuko wengi. Wangapi? Hata hilo hatujui.